Abaki hai kwanza: maneno juu ya kifungu cha 14

Maneno haya yalisemwa na katibu wa chama katika mukutano mukuu, hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Baba anayetajwa ndani yake ameyasoma na kukubali yachapwe.

 Kabla ya yote tumushukuru Mungu aliyetuvusha ziwa wakati wa kukimbia, akatuvusha tena wakati wa kurudi.

Nimepewa dakika ishirini. Nitasema juu ya kitu moja tu: kifungu cha 14 cha kanuni zetu. Najua wengi hamukikumbuki, basi nakisoma: «Mwanachama ao mutoto wa mwanachama anayetumia madawa ya kulevya ao pombe kali hatapewa musaada wa sanduku mupaka aache.»

Ni mustari mumoja tu. Tuliupigia kura, mikono ikapanda, hakuna aliyekataa. Na wangu ulipanda. Tulisema franka za wajane hatuwezi kuzimwaga kwenye lutuku. Nia yetu haikuwa mbaya. Lakini leo naomba tukifute, na nitawaambia juu ya nini.

Barua niliyoiandika

Mwezi wa tatu tulizika kijana. Munamujua wote, jina sitalitaja. Alikuwa na miaka 24. Alizaliwa kambini, akaletwa huku kwa meli toka Kigoma akiwa mutoto mudogo. Alipokua akaenda machimbo ya dhahabu. Kule, vijana wanameza tramadoli wapate nguvu ya kushuka shimoni, jioni wanakunywa lutuku wapate usingizi. Aliporudi nyumbani, mikono yake ilikuwa inatetemeka kila asubuhi mupaka anywe kwanza.

Baba yake aliandika kwa chama. Hakuomba kitu kikubwa. Aliomba pesa ya kumufikisha hospitali na kumulipia siku tano za kitanda. Barua ikafika kwangu. Nikafungua kanuni, nikaona kifungu cha 14, nikajibu: kijana aache kwanza, ndipo ombi litaangaliwa. Ile barua niliiandika mimi, sahihi ni yangu, na kopi iko katika faili ya chama.

Baba akafanya kile chama kilimwambia. Akamufungia kijana katika chumba cha nyuma ili aache. Hakumupiga. Alimupa chakula na maji, akaomba naye. Siku ya kwanza kijana alitetemeka na kutoa jasho. Siku ya pili akaanza kuongea na watu wasiokuwa mule ndani. Majirani wakasema ni mapepo yanatoka, muvumilie. Usiku wa tatu akashikwa na kifafa. Kikaisha, kikarudi, kikarudi tena. Kulipopambazuka alikuwa amekufa.

Baba yake amekaa pale, mustari wa pili. Ni yeye aliniambia: «Katibu, sema.»

Nilienda kumuuliza muganga. Akanieleza polepole kama mutu anayemufundisha mutoto. Mutu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda murefu, ubongo wake umeizoea, unafanya kazi ukiitegemea. Ukimukatia ghafla, ubongo unalipuka kama moto. Siku tatu nne za kwanza ndizo za hatari: kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyokuwapo, kifafa. Tena tramadoli nayo inaweza kuleta kifafa. Kuna dawa ya kumuvusha mutu katika zile siku. Inaitwa diazepamu, anapewa pamoja na vitamini B1 akiwa chini ya macho ya muganga. Si dawa ya Ulaya ya bei ya juu. Ni dawa ya kawaida ya hospitali.

Basi, siku tano za kitanda ambazo baba aliomba, ndizo zilikuwa dawa yenyewe. Sisi tukamwambia kijana aache kwanza. Kuacha kwa namna ile, peke yake katika chumba, ndiko kulimuua. Sikujua. Lakini ndugu zangu, kutokujua kwangu hakumurudishi.

Niliyoyaona Temeke

Sasa nataka muvuke ziwa pamoja na mimi tena, juu yale nitakayosema niliyaona kule, si huku.

Wengi wenu mulirudi toka Lugufu na Nyarugusu kuanzia mwaka 2005. Mimi na dada yangu tulichelewa. Tulikuwa tumetoka kambini tukaenda kutafuta maisha Dar es Salaam, tukapanga Temeke. Pale ndipo mwipwa wangu, mutoto wa dada yangu, aliingia kwenye unga. Unga ndiyo jina la mutaani la heroini. Alianza kwa kuvuta pamoja na bangi, baadaye akajidunga sindano. Watu kama yeye wanaitwa mateja, na jina lile likikushika, hata mbwa wanakujua.

Tulifanya kila kitu munachokijua. Tulimupiga. Tulimufungia. Tulimupeleka kwenye maombi. Tulimutuma kwa ndugu Kigoma. Kila mara aliacha wiki moja, mbili, akarudi. Akikosa unga alishikwa na ile hali wanayoiita arosto: kuharisha, kutapika, mifupa inauma, usingizi hakuna, machozi na kamasi kama mutu mwenye homa kali. Hapo mutu anaiba hata sufuria ya mama yake, si kwa raha, ni ili arosto iishe.

Aliyemuokoa hakuwa polisi, na hakuwa mimi. Alikuwa kijana mumoja aliyewahi kuwa teja yeye mwenyewe, akawa anapita maskani kwa maskani, anagawa sindano safi na kuongea na watu. Zile kazi zilikuwepo Temeke kuanzia miaka ya 2010. Shirika la waganga wa Ufaransa, Médecins du Monde, lilikuwa na kituo pale. Nilipoona mara ya kwanza mutu anamupa mwipwa wangu sindano, nilitaka kupigana. Nikamwambia: wewe unamuua mutoto wetu! Akanijibu bila kukasirika: «Mzee, atajidunga leo, nikimpa au nisimpe. Nikimpa hii, hatatumia ya mwenzake yenye damu.»

Fikirini maneno yale. Sindano moja ikipita kwa watu watatu, virusi vya sida vinapita, na ugonjwa wa ini ule wa hepatiti C unapita. Mutu anaweza kuacha unga miaka mitano baadaye akawa muzima kabisa, lakini virusi vya sida haviachi. Ile sindano safi haikumuachisha unga. Ilimulinda mupaka ile siku aliyokuwa tayari. Na ilipofika ile siku, alijua mulango wa kugonga, juu alikuwa na mutu mumoja anayemusalimia kwa jina lake.

Mulango wenyewe ulikuwa kliniki ya metadoni. Ile huduma ilianza katika hospitali ya taifa ya Muhimbili mwezi wa pili mwaka 2011, baadaye ikafika Mwananyamala, Temeke, Unguja, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Nawaeleza namna inavyofanya kazi, juu watu wengi wanasema tu «wanawapa dawa ya kulevya ingine».

Metadoni ni dawa ya kunywa, kama sirupu. Wakati ule mugonjwa alikuwa anakuja kila siku, Jumapili na sikukuu pia, anakunywa mbele ya muganga, hapewi chupa ya kwenda kuuza. Dozi inaanza ndogo, inapandishwa polepole mupaka kipimo chake. Akifika pale, arosto haimushiki kwa siku nzima, na hamu ya unga inapungua. Hatembei amelewa. Anaweza kufanya kazi. Halafu palepale anapimwa virusi vya sida, kifua kikuu na ugonjwa wa ini, na mwenye kuhitaji dawa zingine anazipata. Shirika la Afya Duniani limeiweka metadoni katika orodha yake ya dawa za lazima tangu mwaka 2005.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Nauli ya kwenda kila siku ni muzigo kwa mutu asiye na kazi. Wanawake walikuwa wachache sana kwenye foleni, juu mwanamuke akijulikana anatumia unga aibu yake ni mara mbili. Na wako walioendelea kunywa pombe juu ya metadoni, na hiyo ni hatari kubwa, inaweza kuzimisha pumzi. Lakini mwipwa wangu aliingia mwaka 2015. Alianza kusukuma mukokoteni sokoni, baadaye akajifunza kushona viti. Alianza kuleta mkate nyumbani. Dada yangu aliacha kulala na pochi chini ya muto.

Je, nchi ililegea?

Wako watakaouliza: serikali ikifanya hivyo, si inasema madawa ni ruhusa? Hapana. Mwaka uleule wa 2015 Tanzania ilitunga sheria mpya ya madawa ya kulevya, kali kuliko ile ya zamani, ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Wauzaji wanakamatwa na wanafungwa. Na kliniki za metadoni ziliendelea, zikaongezeka. Kenya nao walifungua kliniki yao ya kwanza Nairobi mwisho wa mwaka 2014. Zile nchi zinatenganisha vitu viwili: biashara inapigwa vita, mugonjwa anapewa dawa. Na pale ambapo polisi wanachanganya vile viwili, mugonjwa anajificha, haji tena kuchukua sindano wala dawa, na ugonjwa unatembea usiku.

Wako pia watakaosema: kanisa letu, musikiti wetu, haviwezi kukubali. Mimi ni mutu wa kanisa. Yule Msamaria alipomukuta mutu amelala njiani, hakuuliza kwanza alikuwa anatoka kunywa wapi. Alimufunga vidonda, akamupandisha juu ya punda, akalipa nyumba ya wageni. Maswali mengine yanaweza kungoja. Damu haingoji.

Na wako watakaosema: hatuna pesa ya kutupa. Hiyo ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, maana daftari ya sanduku iko mikononi mwangu. Lakini mufungue ile daftari. Sanduku, mafuta ya gari, chakula cha siku saba za matanga: kwa kijana wetu tulilipa vyote. Kifungu cha 14 hakikataze kulipia matanga. Tulikataa siku tano za hospitali, tukalipia kaburi. Hesabu hiyo muifanye wenyewe.

Kwetu hapa

Sasa turudi Baraka. Sitaki mutoke hapa mukisema katibu anataka kufungua kliniki ya metadoni pembeni ya ziwa. Hatuna uwezo huo, na ile ni kazi ya serikali na wizara ya afya. Tena metadoni haitibu lutuku, wala bangi. Kila kitu kina dawa yake na hatari yake. Kwetu shida kubwa ninayoiona mimi ni lutuku, tramadoli na vidonge vingine vya sokoni. Lakini Uvira si mbali, Bujumbura si mbali, na Kigoma ni ng'ambo ya ziwa tu. Unga hauombi ruksa ya kuvuka.

Tusingoje. Kuna mambo ambayo kila mama na kila baba anaweza kuyajua leo, na hayaombi pesa.

Mutu anayekunywa pombe kali kila siku, anayetetemeka asubuhi, musimufungie, musimukatie ghafla. Mumupeleke kwa muganga ndipo aanze kupunguza chini ya macho yake. Akishikwa na kifafa ao akianza kuona vitu visivyokuwapo, ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.

Mutu aliyemeza tramadoli nyingi, ao aliyejidunga, ukimukuta amelala na haamuki ukimwita, anakoroma namna isiyo ya kawaida, pumzi inakuja mara mojamoja, midomo inageuka rangi ya majivu: huyo hajalala, huyo anakufa. Mumulaze kwa ubavu asije akanyongwa na matapishi. Musimumwagie maji, musimunyweshe maziwa wala chumvi. Musimuache peke yake. Pumzi ikikatika, mumupulizie kwa kinywa wakati wengine wanatafuta pikipiki. Kuna dawa inaitwa naloksoni, inamuamusha mutu aliyezidiwa na dawa za aina ya heroini ao tramadoli. Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri hata watu wasio waganga, wale wanaoweza kumukuta mutu katika hali ile, wawe nayo na wafundishwe kuitumia. Muganga wetu aulizwe kama inaweza kupatikana.

Pombe na vidonge visichanganywe. Mukiona kijana hawezi kuacha vyote viwili, afadhali asivipeleke tumboni pamoja, na asitumie peke yake nyuma ya mulango uliofungwa. Najua ni vibaya kusikia katibu wa chama anasema hivyo. Lakini wengi wanaokufa wanakufa peke yao.

Na kwa muganga tuwe wakweli. Mama mumoja alipeleka mutoto wake akasema ni malaria, juu aliogopa aibu. Akatibiwa malaria. Aibu yetu inamudanganya hata daktari.

Ninayoyaomba

Naomba vitu vine.

Cha kwanza, kifungu cha 14 kifutwe. Badala yake tuandike kwamba mugonjwa ni mugonjwa, na musaada wa matibabu unalipwa moja kwa moja kwa hospitali, si mukononi mwa mugonjwa. Hivyo pesa ya wajane haitakwenda kwenye lutuku, na hakuna atakayekufa juu ya kanuni yetu.

Cha pili, kila kikundi cha chama kichague watu wawili, mwanamuke na mwanaume, wafundishwe na waganga wa zone ya afya yale niliyoyasema. Katika wale wawili naomba mumoja awe mutu aliyewahi kupita katika hiyo njia. Najua hamutapenda. Lakini Temeke yule kijana alifungua mulango ambao mimi mujomba sikuweza kuufungua.

Cha tatu, kamati iandike barua kwa zone ya afya, tuulize dawa za kuvusha mutu katika kuacha pombe ziko wapi, nani anazitoa, na kwa bei gani. Jibu lichapwe katika gazeti letu hili.

Cha nne ni kwa wafadhili wetu. Tunawashukuru, na munisamehe nikisema wazi. Kila ripoti munatuuliza wangapi wameacha. Tukiwajibu kwa ile hesabu peke yake, tutaanza kuchagua wale wepesi na kuwaacha wale wagumu, na wale wagumu ndio wanaokufa. Mutuulize pia wangapi waliofika kwa muganga, wangapi waliorudi mara ya pili baada ya kuanguka, wangapi bado wako hai mwisho wa mwaka. Kuanguka na kurudi ni sehemu ya ugonjwa huu. Mwipwa wangu alianguka mara mbili ndani ya kliniki yenyewe, na mara zote mbili walimupokea.

Namalizia na yeye. Mwaka 2018 mimi na dada yangu tuliamua kurudi nyumbani. Tulikuwa tumefunga mizigo. Akaniuliza kitu moja: «Mjomba, Baraka dozi ipo?» Nikamwambia haipo. Hakusema tena kitu. Asubuhi alitusindikiza mupaka kwenye basi, akamushika mama yake mukono, halafu akageuka kwenda kliniki, maana saa yake ya dozi ilikuwa imefika.

Sisi tunajiita chama cha waliorudi. Dada yangu amerudi, mutoto wake amebaki. Si vita vilivyomuzuia, wala mupaka, wala nauli. Na mimi nilimwambia abaki, maana namutaka akiwa hai Temeke kuliko amezikwa hapa pembeni yangu. Lakini bado anapiga simu, na kila mara anauliza kama sasa ipo. Siku moja nataka nimujibu vingine.

Bwana Prezida, nimemaliza. Ninyi wote munayo kura. Mukono wangu, ule uliopanda siku ile, leo nauomba urudi chini.



Nota ya gazeti: Baada ya maneno haya wanachama waliongea zaidi ya saa moja, na wengine hawakukubali. Mukutano umesimamisha kifungu cha 14 mupaka mukutano mukuu unaokuja, ambapo kura ya mwisho itapigwa. Wakati wa kungoja, maombi ya matibabu yanapokelewa yote, na malipo yanapelekwa hospitali moja kwa moja. Mwenye wazo alipeleke kwa mukubwa wa kikundi chake.